Dada Yako Alikuachia

Siku nilipoagwa rasmi kwenye tenisi, baba yangu mzazi alishika kipaza sauti, akanivua nguo mbele ya umati.

Hakunigusa hata kwa kidole. Alitumia maneno tu.

"Mnampigia makofi mtu siye," alisema. "Aliyestahili kusimama hapo yuko pale, safu ya tatu, amejifunga kilemba cha kijani."

Uwanja mzima ukageuka.

Aliyejifunga kilemba cha kijani alikuwa dada yangu. Tumbo moja, baba mmoja. Fundi cherehani ambaye hakuwahi kucheza hata mechi moja ya kulipwa maishani mwake.

Nilidhani ni utani wa wazee. Nikasubiri watu wacheke. Hawakucheka.

Mzee akaendelea, sauti imetulia kabisa. "Huyu mnayemwita Nyundo aliachiwa. Dada yake alimwachia nafasi wakiwa watoto. Leo nataka tumpigie makofi mwenyewe."

Na wakapiga! Jamani, wakasimama kabisa. Hadi mwenyekiti wa chama cha tenisi, aliyenikabidhi shada la maua dakika chache kabla, alisimama akamgeukia dada.

Mimi niko katikati ya uwanja na maua yangu, mkono wa kulia unaning'inia kama wa mwanasesere, natabasamu kama zuzu kwa sababu kamera zote ziko usoni kwangu.

Dada akajifunika uso kwa viganja. Nikajua analia.

Kumbe hata kulia hakulia.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiruka mtasema namsingizia mzee wa watu.

Baba alikuwa mwalimu wa michezo wa shule ya msingi. Filimbi shingoni, kaptura ya kaki, soksi hadi magotini. Nyuma ya shule kulikuwa na uwanja wa saruji uliojaa nyufa, na kwenye stoo kulikuwa na raketi kuukuu za mbao ambazo hakuna aliyejua zilifikaje pale. Baba aliviona vitu vile akapagawa.

Yeye mwenyewe alikuwa hajui kucheza. Alisoma kwenye vitabu, akatazama kwenye televisheni, akaja kututungia mazoezi.

Kwa nini tenisi? Alituambia wazi. Kwenye mpira wa miguu wako kumi na mmoja, wanalaumiana. Kwenye tenisi ukishindwa, umeshindwa wewe.

Hilo ndilo lililomfurahisha.

Tulikuwa wawili tu, dada na mimi. Amenizidi miaka miwili. Yeye alikuwa mrefu, mikono mirefu, akipiga mpira unateleza chini kama umepakwa mafuta. Mimi nilikuwa mfupi, mbishi, kila mpira naupiga kama umenitukania mama.

Asubuhi kabla ya shule tuko uwanjani. Jioni tuko uwanjani. Ukikosea servi, yaani pigo la kuanzisha mpira, unazunguka uwanja umeinua raketi mbili juu ya kichwa. Ukilia, unazunguka tena.

Mama ndiye aliyekuwa anatukanda miguu kwa maji ya moto, huku analalamika peke yake kama mtu anayeongea na beseni.

"Kwani mtoto akishindwa anaacha kuwa wangu?" alimuuliza baba siku moja.

"Wako hawezi kuacha," baba akajibu. "Wangu anaacha."

Alikuwa anamenya chungwa. Wala hakuinua macho.

Nilipofika miaka kumi na miwili, bahati ikabisha hodi. Shule moja kubwa ya tenisi ya nje ya nchi ilituma mtu kutafuta watoto wenye kipaji. Yule bwana akatutazama tukicheza, akafurahi, akasema nafasi ni moja tu. Baba achague.

Baba hakuchagua. Alisema tucheze sisi wenyewe. Atakayeshinda ndiye atakayeenda.

Hebu fikiria. Ndugu wawili mnaolala kitanda kimoja. Tangu alipotamka hivyo hatukusemeshana. Tulipokezana mswaki na taulo kama wageni waliokutana nyumba ya kulala wageni.

Siku ya mechi majirani walijaa kwenye uzio. Mama alikataa kuja, akajifungia ndani.

Seti ya kwanza dada alinifundisha adabu. Seti ya pili nikakaza, nikaipata kwa meno. Seti ya tatu ilikuwa kuburuzana tu, huyu akivuta huku, yule anavuta kule, wote tunahema kama mbwa.

Mwisho nikawa nahitaji pointi moja tu. Servi ilikuwa yake.

Akapiga. Wavuni.

Kwenye tenisi servi ya kwanza ikikosa unapewa ya pili. Akadundisha mpira muda mrefu. Akapiga ya pili.

Wavuni.

Nilishinda! Nilipiga magoti kwenye saruji, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Dada akaja kwenye wavu akanipa mkono, mkono wa baridi, akaondoka zake.

Jioni tunakula, baba akasubiri nijaze mdomo.

"Umefurahi?"

"Ndiyo, baba."

"Dada yako alikuachia."

Nikamtazama dada. Alikuwa anatazama sahani yake.

"Kweli, dada?"

Kimya.

"Mtu mwenye servi kama yake akose zote mbili, tena kwenye pointi ya mwisho?" baba akasema. "Amekuonea huruma. Sasa nenda ukaoneshe kama ulistahili kuonewa huruma."

Tonge likanikwama kooni. Mpaka leo nahisi halijashuka.

Baba akaacha kazi, tukaondoka mimi na yeye. Mama na dada wakabaki.

Kule shuleni nilikuwa na makocha wa kila aina, lakini kocha mkuu alikuwa yale maneno matatu. Dada yako alikuachia.

Nikishindwa: "Nilijua. Nimembeba asiyefaa."

Nikishinda: "Dada yako angemaliza mapema."

Kombe langu la kwanza la kulipwa nilichukua nikiwa na miaka kumi na tisa. Natoka uwanjani, jasho linatiririka, nimekumbatia kombe kama mtoto mchanga. Baba akanipa taulo, akasema, "Ule mpira ulioukosa kule mwishoni, yeye asingeukosa."

Basi nikawa nacheza na watu wawili kila mechi. Mbele yangu, ng'ambo ya wavu, mpinzani. Nyuma yangu, dada. Yule wa mbele nilikuwa namfunga. Wa nyuma sikuwahi kumfunga hata siku moja.

Na nilipanda, siwezi kuficha. Nilipanda mpaka wenye majina yao wakawa hawapendi kupangiwa na mimi. Magazeti yakaniita Nyundo kwa sababu ya servi yangu. Nilimfunga namba tano wa dunia nikiwa na homa. Nilifika robo fainali ya moja ya mashindano makubwa kabisa, mwanamke wa kwanza kutoka kwetu.

Siku hiyo waandishi wa habari wakaniuliza siri yangu ni nini.

Nikawajibu, "Mchezaji bora wa familia yetu yuko nyumbani. Mimi niliachiwa tu."

Walipenda balaa! Wakasema, tazama unyenyekevu wa huyu binti. Wakafunga safari mpaka kwa dada. Niliiona ile video nikiwa hotelini. Dada kakaa kwenye duka lake la kushona sare za shule, tepu ya kupimia iko shingoni, anaongea taratibu.

"Niliona mdogo wangu anataka sana," alisema. "Na mimi ndiye mkubwa. Mkubwa anaachia."

Watu walilia. Mimi nililia kuliko wote. Nikampigia simu kumshukuru.

"Usijali, mdogo wangu," akaniambia. "Wewe cheza tu."

Sauti yake ilikuwa tamu. Kumbukeni hapo, nina miaka ishirini na sita, na tangu utotoni sijawahi kushinda kitu nikakifurahia.

Halafu mama akafariki.

Ilikuwa siku ya nusu fainali ya mashindano mengine. Simu ilikuja asubuhi, baba akaipokea, akatoka nje kuongea. Akarudi. Akanifunga bendeji ya bega kama kawaida, akaniambia yule binti ninayecheza naye ni dhaifu upande wa kushoto, nimshambulie huko.

Nikamshambulia huko. Nikashinda.

Bado niko kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo, viatu sijavua, baba akaniambia, "Mama yako hayupo tena. Fainali ni kesho kutwa."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamuuliza tunaondoka saa ngapi.

Akanitazama kama nimemtukana.

"Dada yako yupo. Atamzika yeye. Si ndiye mwenye moyo wa kuachia vitu?"

Hatukuenda. Ndiyo, hatukuenda kumzika mama. Fainali nilipigwa kama ngoma, maana mpira nilikuwa siuoni, naona maji tu. Baba hakunisemesha njia nzima. Tulipofika hotelini, kabla hajafunga mlango wa chumba chake, akasema, "Umemwaibisha mama yako."

Bega lilikuwa limeanza kulalamika siku nyingi. Nikapigwa sindano za kuua maumivu. Mwanzo mara moja moja, baadaye kila kabla ya mechi. Baba ndiye aliyekuwa anamwita mtu wa kuzipiga, na kama mtu huyo akisita, baba anatafuta mwingine.

Siku ya mwisho nilirusha mpira juu, nikainua raketi, nikasikia sauti kama kitambaa kinachanwa. Raketi ikaanguka. Nikaitazama pale chini, nikauagiza mkono uiokote. Mkono ukagoma.

Daktari aliyenipasua alituita ofisini kwake, mimi na baba.

"Bega hili tumelishona, lakini usicheze tena," aliniambia. "Ukiendelea, mkono huu hautashika hata kijiko."

Baba akafikiri kidogo.

"Kijiko anaweza kushikia wa kushoto," akasema.

Daktari alidhani mzee anatania. Akacheka. Mimi sikucheka, namjua.

Pale pale nikasema, "Baba, nimeacha."

Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema. Akachukua kofia yake akatoka. Hakunisemesha tena, si kwa simu wala uso kwa uso, mpaka siku ile ya kuagwa chama cha tenisi kilipomwalika azungumze kama mzazi. Nilimwona anapanda jukwaani nikafurahi. Nikasema moyoni, haya, mzee kalegea.

Mengine mmeshayasikia.

Baada ya hafla nilijifungia nyumbani kwangu. Nyumba nzuri, ina bustani, ina kila kitu, ila mtu. Nywele nilizinyoa kwa sababu mkono haufiki kichwani kuzichana. Nikivaa blauzi najipinda kama nyoka anayejivua gamba. Nilijiambia haya ni malipo ya nafasi isiyokuwa yangu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mtu, sasa kiti kimeniangusha.

Baba yeye alirudi kule kule kwenye uwanja wa shule, akaanza na mtoto wa dada. Msichana wa miaka kumi, mwembamba, babu yake akampa jina Kijiti. Dada alikuwa haoni wala hasikii kwa fahari. Kila mteja wa sare anaoneshwa picha ya Kijiti kashika raketi.

Mpaka mchana mmoja.

Dada aliingia kwangu bila kupiga hodi, tepu bado iko shingoni, kama mtu aliyekurupuka kutoka kazini. Alinikuta jikoni nimelibana kopo la jamu mapajani, napambana na kifuniko kwa mkono wa kushoto.

Akalichukua, akalifungua, akaliweka mezani. Akaketi.

"Kijiti kashinda mashindano ya shule jana," akasema.

"Hongera. Mbona umekaa kama umefiwa?"

"Karudi nyumbani analia. Kombe kalisukumia uvunguni. Namuuliza una nini, anasema babu kamwambia yule msichana mwingine alimwachia."

Neno lile nililijua. Lakini nilikuwa na uchungu wangu, nikamjibu kwa uchungu huo huo.

"Labda kweli alimwachia. Kwenye ukoo wetu si jambo geni."

"Nilikuwepo," dada akasema. "Niliitazama mechi yote. Yule mtoto wa watu alipigana mpaka akatoka damu puani. Hakuna aliyemwachia mtu pale."

Akaanza kujisokotea tepu kwenye vidole. Anasokota, anasokotoa.

"Mdogo wangu," akasema. "Hata mimi sikukuachia."

"Unasemaje?"

"Siku ile. Sikukuachia. Ulinifunga."

 

"Na zile servi mbili?" nikauliza.

"Nilikuwa natetemeka. Nilitaka kwenda kuliko wewe, nilitaka mpaka nikawa siwezi kushika mpira vizuri. Ulinifunga kihalali kabisa, na nikakuchukia."

"Sasa kwa nini..."

"Baba alinifuata nyuma ya nyumba kabla hatujala. Akaniambia, 'Nitamwambia ulimwachia. Usikubali, usikatae. Nyamaza tu. Akijua ameshinda atavimba kichwa. Akidhani ameachiwa, hatapumzika maisha yake yote.'"

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa mtoto."

"Na kwenye ile video? Ulikuwa mtoto? 'Mkubwa anaachia.' Nani alikutuma useme vile?"

Hapo akaacha kulegea. Akanikazia macho.

"Hakuna aliyenituma. Nikwambie ukweli? Siku ile mlichukua kila kitu. Baba ulikwenda naye wewe. Safari, wewe. Mama nilibaki naye, lakini mama mwenyewe alikuwa anakuulizia wewe, mpaka pumzi ya mwisho ananiuliza leo anacheza na nani. Mimi nikamuosha, mimi nikamzika. Nilibaki na kitu kimoja tu duniani, kwamba nilikuwa bora kuliko wewe. Mtaani wananiheshimu kwa hilo. Mume wangu alinioa analijua hilo. Wewe ungekirudisha?"



"Nikikuona kwenye televisheni umebeba kombe, halafu unasema uliachiwa," akaendelea, sauti imeshuka, "nilikuwa nasikia raha. Sikufichi. Raha kabisa."

Nikainuka nimzabe kofi.

Mkono ukaishia kiunoni.

Tulibaki hivyo, mimi nimesimama na mkono uliogoma njiani, yeye kanitolea shavu analisubiri kofi lisilokuja. Mtu angetukuta angedhani tunaigiza.

"Kwenye hafla ulikuwa unalia nini?" nikamuuliza mwishowe.

"Sikulia. Niliogopa wakiniona usoni watajua."

Nikachukua funguo za gari nikampa, maana mimi siendeshi tena. "Twende kwa baba," nikamwambia. "Sasa hivi."

Tulimkuta uwanjani. Kiti chake cha plastiki, kofia yake, filimbi yake. Kijiti anazunguka uwanja na raketi mbili juu ya kichwa, mikono inamtetemeka, shingo imesimama mishipa. Kwenye uzio kulikuwa na wazazi kadhaa wanaosubiri watoto wao.

Nikasimama mbele ya kiti.

"Baba, dada ameniambia."

"Amekuambia nini?"

"Kwamba nilishinda."

Nilitegemea ashtuke. Nilitegemea hata akatae. Mzee akasukuma kofia nyuma kidogo, akanitazama bega.

"Sasa ukishajua, litapona?"

"Ulinidanganya maisha yangu yote!"

"Nilikutengeneza," akasema. "Mtoto mfupi, hana mbio, hana pigo la mkono wa nyuma. Bila lile neno nani angekujua? Ungekuwa umekaa na huyu mnapima wanafunzi viuno."

Dada akatazama chini.

 Nilikuwa na swali moja tu lililonikosesha usingizi.

"Sawa. Wakati nacheza ulikuwa unanichapa nikimbie. Lakini siku ya kuniaga? Sikuwa na mechi tena, baba. Nimeshaacha, bega limeshonwa. Mbele ya watu wote wale. Ile ilikuwa ya nini?"

Hapo ndipo alipogeuka akanitazama usoni. Na naapa, machoni mwake sikuona ubaya. Niliona mtu anayemweleza mwanafunzi mzito hesabu rahisi.

"Nilidhani utakasirika," akasema. "Ukikasirika huwa unarudi. Nilingoja. Kila gari likisimama hapo nje nasema ndiye, kaja na raketi kunionesha. Hukuja." Akatikisa kichwa. "Nikajua basi, umekwisha."

Siku daktari anazungumza baba alikuwepo, jamani. Alikaa kiti cha pembeni yangu.

  

Dada hakusubiri zaidi. Akaingia uwanjani akamshika mwanawe mkono.

"Weka hizo raketi chini, tunaondoka."

"Siendi," Kijiti akasema.

"Nimesema tunaondoka!"

"Siendi! Babu kasema nisiwe kama wewe. Wewe uliachia. Mimi siachii!"

Aliisema huku anahema, raketi bado ziko juu ya kichwa. Wale wazazi wa kwenye uzio wote wanasikia. Baadhi yao ni wateja wake wa sare.

Nilimwona dada anatafuta pa kushika. Angeweza kumburuta mtoto tu wakaondoka. Mtoto wa kilo zile angebebeka.

"Sikuachia," akasema.

"Uliachia! Kila mtu anajua!"

"Sikuachia, mwanangu. Nilifungwa. Mama yako mdogo alinifunga, na nilikuwa nacheza kwa nguvu zangu zote. Nilidanganya."

Kijiti akashusha raketi polepole.

"Ulidanganya watu wote?"

"Ndiyo."

"Na mimi?"

"Na wewe."

Mtoto akaziweka raketi chini, akatupita wote, mama yake, mimi, babu yake, akatoka getini peke yake akaanza kutembea. Hakugeuka. Tulimfuata na gari polepole mpaka nyumbani, akakataa kupanda.

Baba hakuinuka hata kitini. Alipuliza filimbi kuwaita watoto wengine.

Sasa ninyi mtataka kusikia kwamba mambo yalikaa sawa.

Kijiti hachezi tena. Mama yake akimwita, anaitika, "Unasemaje wewe?" Mtaani habari zilifika kabla ya gari letu, na dada siku hizi akipita watu wanaulizana kwa sauti, eti nani kamwachia nani njia. Mimi na yeye tunasalimiana. Msamaha sijampa, na yeye hajauomba.

Baba kapata mtoto mwingine wa kufundisha. Msichana wa miaka minane, ana kipaji cha kutisha, niliona kwa macho yangu. Nikamtafuta mama yake. Ni muuguzi, alinipokea mlangoni bado amevaa sare za kazini, kafurahi kuniona kama kashukiwa na malaika. Nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, sikuficha hata la mama.

Akanisikiliza kwa heshima. Halafu akauliza, "Lakini dada yangu, si alikufikisha?"

Nikakosa jibu.

Kweli nilikosa. Kwa sababu nilifika. Na sijui kama ningefika kwa njia nyingine, na hakuna mtu atakayenijibu swali hilo, maana maisha sikupewa mawili.

Akanishukuru sana. Kabla sijaondoka akaomba tupige picha. Nikapiga.

Ninachotaka kuwaambia ninyi mlionisoma mpaka hapa ni kidogo tu. Mtoto akishinda, mwambie umeshinda. Halafu funga mdomo. Usimwongezee neno la kumnoa, wala la kumkumbusha nani angefanya vizuri zaidi yake. Mimi nilishinda nikiwa na miaka kumi na miwili, nikaja kuambiwa nikiwa na thelathini na tatu. Nilipoambiwa nilijaribu kufurahi. Nilikaa kitandani nikajaribu kweli kweli, nikaikumbuka ile saruji, nikaikumbuka ile sauti yangu. Furaha haikuja. Ilikuwa imeshaoza.

Na wale mnaojiandaa kuniandikia hapo chini kwamba baba ni baba, najua.

Ni baba. Ndiyo maana nilimwamini.